Kurekodi Roki Kali Shambani, Nje ya Lubumbashi

Ampli ya gitaa ya lampu, yaani ya vali za kioo, yenye wati 100, ikifunguliwa hadi nusu haina mahali pa kukaa Lubumbashi. Mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi: nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, kanisa la maombi liko upande huu, baa upande ule, na saa ambayo umeme unarudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, ndiyo saa ambayo jirani anataka kupiga pasi halafu alale. Bendi ya roki kali inaweza kufanya mazoezi mjini kwa sauti ya chini, ikatunga nyimbo, ikapanga kila kitu. Haiwezi kupiga drams kwa nguvu zote saa sita mfululizo, siku kumi mfululizo, na magitaa mawili juu yake. Roki kali ikikosa hayo hugeuka muziki mwingine.

Kwa hiyo wanaokodi nyumba ya shamba kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi au kule Kafubu hujidanganya wakisema wanakwenda kutafuta utulivu. Wanakodi ruhusa ya kupiga kelele. Ukilielewa hilo mapema utajua la kubeba na la kuacha: beba kile tu ambacho mji unakukatalia. Drams, besi na magitaa ya kukwaruza yakipigwa pamoja, hiyo ni kazi ya shambani. Sauti za waimbaji, kinanda, solo za kuongezea na kazi ya kuchanganya nyimbo vinafanyika mjini, kwenye chumba kidogo kilichozungushiwa magodoro, kwa umeme huohuo unaokuja na kuondoka, kwani kompyuta ya mkononi na kadi ya sauti zinaweza kuishi juu ya betri. Bendi inayopeleka kazi yote ya albamu shambani hurudi na drams zilizorekodiwa kwa pupa na mwimbaji aliyekauka koo kwa vumbi.

Waingereza waliozoesha dunia desturi hii walitenganisha kazi hivyohivyo. Mwaka 1970 Jimmy Page na Robert Plant wa Led Zeppelin walikaa Bron-Yr-Aur, nyumba ndogo ya milimani Wales isiyo na umeme wala maji ya bomba. Pale walitunga. Kurekodi kwa kelele walikwenda Headley Grange, jumba kuukuu la Hampshire, na lori la studio la Rolling Stones likaegeshwa nje. Drams za John Bonham ziliwekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, chini ya ngazi, na fundi Andy Johns akatundika maikrofoni mbili tu za Beyerdynamic M160 juu kwenye ngazi hizo. Mlio mzito uliotoka pale mafundi wanauwinda hadi leo, na wengi wanautafuta kwa kununua vifaa. Ulitoka kwenye urefu wa ukumbi na nguvu za mpigaji.

Nyumba inaweza pia kukuangusha. Rolling Stones wenyewe, mwaka 1971, walirekodi kwenye vyumba vya chini vya jumba la Nellcôte kusini mwa Ufaransa, ambako joto na unyevu vilifanya magitaa yapoteze sauti katikati ya wimbo. Desemba ya mwaka huohuo Deep Purple walikuwa Montreux, Uswisi. Ukumbi wa kasino waliokusudia kurekodia ulikuwa umeungua, wakahamia Grand Hotel iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi na kuziba ujia kwa magodoro. Lori la kurekodia lilikuwa nje, na njia ya kulifikia ilipita vyumbani na kwenye baraza kwa mzunguko mrefu kiasi kwamba wakaacha kwenda kusikiliza walichokipiga. Albamu ilitoka Machi 1972 na ikawa kubwa, lakini usiige mzunguko ule. Mahali pa kusikilizia pawe hatua ishirini kutoka kwenye drams, milango miwili katikati, basi.

Atakayesema roki ni kitu cha wageni aangalie ramani. Kasumbalesa, mji wa mpakani, ni takriban kilomita 90 kutoka hapa, na ng'ambo yake, katika miji ya shaba ya Zambia, miaka ya 1970 ilijaa bendi za Zamrock, yaani roki ya Zambia: WITCH, Amanaz na nyingine, magitaa yakikwaruza kama msumeno. Na kumpelekea mwanamuziki mtambo wa kurekodi hapo alipo ni jambo lililoanza Katanga kabla ya Headley Grange: mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke akiwa na gitaa lake kavu, lisilo la umeme, huko Jadotville, yaani Likasi ya leo.

Majira

Nenda Juni. Julai inafaa. Mwezi wa Mei una faida zake, lakini mahindi bado yanavunwa na kupukuchuliwa, na mwenye shamba anahitaji nyumba, watu na ua wake.

Kuanzia Novemba hadi Machi usifikirie kabisa. Mvua juu ya malata, yaani mabati ya paa, inafunika hata drams, radi za Katanga huja karibu kila alasiri, na radi ikipiga karibu na waya mrefu uliotandazwa uani inaweza kuua kadi ya sauti, kompyuta na ampli kwa pigo moja. Agosti na Septemba mvua hakuna, ila moto wa porini umezagaa, moshi unaingia kooni, na majivu yanatua juu ya kila kitu.

Juni ina taabu yake, nayo ni baridi. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, mchana linapanda hadi 25 au zaidi. Uzi wa gitaa ukipata joto hurefuka na sauti hushuka. Ukipoa hujikaza na sauti hupanda. Wimbo ulioanza kurekodiwa saa moja asubuhi na kumaliziwa saa saba mchana utakuwa na magitaa mawili yasiyokubaliana, na kosa hilo halirekebishiki vizuri kwenye programu. Ala zote zilale katika chumba kitakachorekodiwa, na asubuhi zitolewe kwenye mikoba saa nzima kabla ya kazi. Nyuzi mpya zivutwe kwa mkono mara tano au sita zikiwa zimefungwa, kisha zisawazishwe tena. Kabla ya kila jaribio, si kabla ya kila wimbo, kila mtu apitie kipimo chake cha kusawazishia nyuzi, kilichowekwa hezi 440.

Hewa ya Juni pia ni kavu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 kwa siku nyingi, mbao za gitaa kavu husinyaa, ncha za vyuma vya shingo hujitokeza na kukwaruza vidole, na ubao wa mbele unaweza kupasuka. Chukua kisanduku cha plastiki cha sabuni, kitoboe matundu, weka ndani sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa, kiweke ndani ya kasha la gitaa, kasha lifungwe. Loweka upya kila siku mbili. Dawa hii haina gharama na hakuna sababu ya kuiacha.

Umeme

Sehemu hii inastahili siku nzima ya kazi na nusu ya bajeti. Rekodi nyingi za shambani huharibikia hapa, na watu hulaumu maikrofoni.

Anza na hesabu. Ampli ya lampu ya wati 100 ikifanya kazi kwa nguvu hula wati 300 hadi 400. Ya wati 50 hula karibu 200. Ampli ya besi weka 300. Kompyuta 90, kadi ya sauti 30, spika mbili za kusikilizia 120, taa za LED 50, chaji za simu 50. Ukijumlisha unapata kati ya wati 1,100 na 1,250. Jenereta, gurupe kama tunavyoiita hapa, ya kVA 3 inatoa kama wati 2,400 halisi pwani. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300. Hiyo ni asilimia 14, unabaki na wati 2,060 hivi. Mzigo wako uko karibu asilimia 60 ya hapo, na hapo ndipo injini inapotulia. Jenereta ya kVA 1.5 haitoshi kwa mzigo huo wote, itayumba kila ngoma ya mguu inapoingia pamoja na besi, na utasikia kuyumba huko kwenye magitaa.

Chagua jenereta ya inveta ukiweza. Ya kawaida inategemea mwendo wa injini, kwa hiyo hezi 50 zinakuwa 48 au 52 kadiri mzigo unavyobadilika. Ukiwa na ya kawaida, usiiruhusu iishiwe mafuta vifaa vikiwa vimewashwa: injini hukohoa, volti zinapanda na kushuka ovyo, na adapta ya kompyuta au kadi ya sauti ndiyo hufa kwanza. Mtu mmoja awe na saa na bidoni. Kwa matumizi ya lita 1.2 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 14, unahitaji lita 134. Beba bidoni 7 za lita 20. Nunua zote mahali pamoja pa kuaminika na chuja kwa kitambaa safi wakati wa kumimina, kwani maji kidogo kwenye petroli yatakupotezea asubuhi nzima ukisafisha kabureta.

Kelele yake unaizuia kwa kichuguu. Nchi ya Lubumbashi imejaa vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake ni mgumu na mzito. Weka jenereta nyuma ya kichuguu, mita 40 au 50 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekea mbali. Usiiweke barazani wala dirishani hata siku moja: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Waya kutoka pale hadi nyumbani uwe wa shaba wa milimita mraba 2.5. Kwa mita 50 na ampia 5.5 utapoteza volti 4 hivi, jambo lisilo na madhara. Waya wa 1.5 unapoteza zaidi ya 6, na ule mwembamba wa taa utapata moto. Hata waya mzuri ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ukibaki umezungushwa hujipasha joto hadi plastiki ikayeyuka.

Kisha ardhi, yaani earthing, kitu ambacho mafundi wengi wa vijijini hukiruka. Udongo mwekundu wa kiangazi ni mkavu, na fimbo moja ya shaba iliyozamishwa nusu mita haifanyi kitu. Zamisha fimbo tatu za mita 1.5, zikiachana angalau mita 2, uziunganishe, umwage maji yenye chumvi kuzizunguka jioni na asubuhi. Vifaa vyote vitumie ardhi hiyohiyo moja kupitia ubao mmoja wa soketi. Ampli moja ikichomekwa chumba kingine kwenye waya mwingine unapata mzunguko wa ardhi, na mzunguko huo ndio unaoleta mvumo ule wa chini usiokwisha.

Kuna fundi atakayekuambia ukate jino la ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, na mpiga gitaa anayeimba anaweza kufa. Tarehe 3 Mei 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea kwa umeme alipogusa maikrofoni akiwa na gitaa. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na mwili wa ampli, na midomo iko kwenye chuma cha maikrofoni. Vyuma hivyo viwili vikiwa na volti tofauti, mtu anakuwa waya. Weka dijonkta ya miliampia 30, swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, kwenye ubao wa soketi, na hakikisha fundi umeme ameunganisha nyutro ya jenereta na ardhi. Jenereta nyingi ndogo hutoka kiwandani bila muunganisho huo, na hapo dijonkta haioni uvujaji wowote hata ukibonyeza kitufe cha majaribio ukaona imejikata. Mara nyingi mvumo unaobaki utaondoka ukichomoa adapta ya kompyuta na kurekodi kwa betri yake.

Ukiwa na uwezo wa kukodi paneli na betri za jua, fanya hivyo kwa drams na magitaa laini. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampia-saa 200 ina kWh 4.8, tumia 4 kati ya hizo, unapata saa nne kwa mzigo wa wati 1,000. Betri za risasi usizishushe zaidi ya nusu. Inveta iwe ya wimbi safi. Ile ya bei rahisi inayotoa wimbi la ngazi huifanya transfoma ya ampli ilie kama nyuki, na sauti hiyo inaingia kwenye kila wimbo.

Chumba cha drams

Chukua sebule kubwa kuliko zote, isiyo mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinarudisha noti ya hezi 43 kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: ngoma ya mguu itaonekana kubwa ukisimama ukutani na itapotea ukisimama katikati. Mita 7 kwa 5 ni chumba kizuri. Sakafu ya simenti na kuta za matofali ya kuchoma zinatoa mlio mkali na mrefu, na kwa roki huo ni utajiri. Kazi yako ni kuupunguza kidogo tu, bila kuuua.

Kabla ya kuleta hata kijiti kimoja, fanya jambo ambalo karibu kila bendi hulisahau. Chomeka simu kwenye ampli ya besi, cheza toni inayopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 200, na mtu mwingine atembee chumbani akisikiliza. Kila kitu kilicholegea kitajitaja chenyewe: kioo cha dirisha, bawaba, fremu ya picha, vikombe vya jikoni, na zaidi ya vyote msumari mmoja wa malata uliotoka kidogo. Gonga misumari, ingiza vipande vya mpira wa ndala kwenye vioo, ondoa vikombe. Usipofanya hivyo, kila pigo la snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, litaleta na mlio wa bati nyuma yake, na huwezi kuuchomoa baadaye.

Halafu piga makofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa haraka unaorudirudi kama bawa la panzi, kuta mbili zinarushiana sauti. Weka mkeka au godoro kwenye ukuta mmoja wapo, inatosha. Kwa besi watu hupenda kupanga magunia ya mahindi kwenye pembe. Gunia la punje ni zito na limeshonana, linarudisha sauti zaidi ya kuimeza. Gunia la magunzi na maganda makavu limejaa hewa, na ndilo linalokunywa besi. Panga sita kila pembe hadi kifuani. Gunia la punje lina kazi nyingine: moja la kilo 50 mbele ya ngoma ya mguu linaizuia isisogee kwenye simenti. Magunzi makavu ni kuni, kwa hiyo sigara marufuku humo ndani na ampli za lampu zikae mbali.

Maikrofoni nne zinatosha kwa drams, kwa mpangilio ambao fundi Glyn Johns aliuacha. Moja juu ya snea, ikiangalia chini, kiasi cha mita moja au kidogo zaidi. Ya pili kando ya tomu (ngoma ya pembeni) kubwa ya chini, ikitazama snea kwa upande. Chukua kamba, funga ncha moja katikati ya snea, na hakikisha maikrofoni zote mbili ziko kwenye urefu uleule wa kamba hiyo. Zikitofautiana hata kwa upana wa kiganja, snea inafika kwa nyakati mbili na inakonda. Ya tatu mbele ya ngoma ya mguu, ya nne kwenye snea yenyewe. Ukiwa na ya tano, iweke kwenye ujia, mlango ukiwa wazi, mita 5 au 6 kutoka kwenye ngoma. Hiyo ndiyo ngazi yako ya Headley Grange. Sogeza mlango kidogo kidogo huku mtu akisikiliza. Sentimita kumi za mlango hubadilisha mengi kuliko kitufe chochote.

Matoazi ndiyo adui wa chumba kigumu. Mpigaji anayepiga matoazi kwa nguvu kuliko ngoma hawezi kusaidiwa na fundi. Mwambie siku ya kwanza, kwa heshima, na umpe muda wa kujizoesha: matoazi nusu nguvu, snea na mguu nguvu zote. Kwa siku 14 beba ngozi tatu za juu za snea, moja ya ngoma ya mguu, seti moja ya tomu, na jozi 12 za vijiti. Ngozi ya snea ikianza kushuka bondeni katikati, imekwisha. Ibadilishe usiku, ivutwe, ilale hivyo hadi asubuhi.

Magitaa

Bendi nzima ipige pamoja, ikitazamana, na spika za magitaa ziwe chumba kingine. Vichwa vya ampli vibaki karibu na wapigaji, na waya wa spika upite mlangoni. Uwe waya wa spika kweli, wa 2.5, hadi mita 15 hakuna shida. Waya wa gitaa haufai hapo: ni mwembamba, unapata moto, na unaweza kuua transfoma ya kutolea sauti. Transfoma hiyohiyo inaweza kufa ukipiga ampli bila spika, au ukichomeka spika ya omu 16 kwenye tundu la 4. Angalia pia volti za ampli iliyotoka Marekani: ya 120 ikichomekwa kwenye 220 haipati nafasi ya pili.

Fyuzi ikikatika, weka ya thamani ileile. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imechoma ampli nyingi katika mji huu kuliko radi. Beba fyuzi kumi za kila aina na jozi moja ya lampu zinazolingana kwa kila ampli, EL34 au 6L6 kulingana na ilivyoandikwa ndani.

Maikrofoni kwenye spika, tuseme SM57, ikae sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, kati ya kitovu na ukingo wa koni. Kitovuni sauti ni kali ya kukata, ukingoni ni nzito na yenye matope. Jambo gumu kumwaminisha mpiga gitaa ni hili: punguza mkwaruzo, yaani distortion. Kiasi kinachofurahisha ukiwa peke yako kinakuwa ukungu bendi ikiingia, maana mkwaruzo mwingi unabana pigo na kufuta mpaka kati ya noti na noti. Rudisha kitufe robo, piga kwa nguvu zaidi mkononi, na rekodi kila sehemu mara mbili, kushoto na kulia. Uzito unatoka hapo. Anayeshusha sauti hadi C achukue nyuzi za inchi 0.011 hadi 0.054 au nene zaidi, za 0.009 zitalegea na kila pigo litaanza juu ya noti kabla ya kutua.

Kinga masikio. Sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unapungua kwa nusu. Desibeli 100 ni dakika 15, na chumba cha drams kinapita hapo.

Kazi ya kila siku

Siku mbili za kwanza hakuna kurekodi. Ni umeme, misumari ya malata, magunzi, kamba ya snea. Bendi inayobonyeza kitufe cha kurekodi jioni ya kufika itarudia wimbo huo siku ya tano na kugundua kuwa sauti zake hazilingani na nyingine zote.

Rekodi kwa biti 24 na kHz 48, vilele vya sauti visipite desibeli −10. Njia nane kwa kiwango hicho ni takriban GB 4.2 kwa saa. Ukirekodi saa tatu kwa siku, siku kumi na mbili ni GB 150. Diski mbili za GB 500, nakala kila jioni kabla ya kula, na diski moja ilale ndani ya gari. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, albamu iko nje. Funika vifaa kwa kitenge kila vinapozimwa, kwani vumbi jekundu linaingia kwenye feni ya kompyuta na kuifanya ijizime katikati ya jaribio.

Nyimbo ziwe zimekamilika mjini, zimerekodiwa kwa simu, zikiwa na kasi yake imeandikwa. Nenda na 12, rudi na 9 nzuri. Wimbo usiopita baada ya majaribio sita uachwe hadi kesho. Jaribio la saba huwa la hasira, na hasira ya mtu aliyechoka inaburuta kasi nyuma.

Chakula hakina siri. Watu sita wanamaliza unga wa bukari kama kilo 3 kwa siku, kwa hiyo mifuko miwili ya kilo 25 inabaki na akiba. Samaki wakavu, sombe (kisamvu), mafuta, na makala, yaani makaa, kutoka kwa wanaopita na baiskeli zao kuelekea mjini. Maji lita 20 kwa mtu kwa siku, na mpishi asiwe mwanabendi.

Jirani wa shambani yuko mbali, lakini yupo. Kabla ya siku ya kwanza nenda kwa shefu wa kijiji pamoja na mwenye shamba, eleza kitakachofanyika, saa za kuanza na kumaliza, na beba karatasi za vifaa vyako. Snea ikipigwa usiku, ukiwa umbali wa kilomita moja, inafanana na risasi. Watu wa nchi hii wana haki ya kuogopa mlio huo. Drams zinyamaze saa mbili usiku, bila ubishi, hata kama wimbo umebaki nusu.

Siku ya mwisho, kabla ya kufungasha hata maikrofoni moja, rekodi ukimya wa chumba kwa dakika mbili, kisha kila ngoma na kila toazi peke yake, mapigo kumi laini, kumi ya kati na kumi ya nguvu. Mjini, wakati wa kuchanganya, utakuta pigo moja la mguu limekosekana kwenye wimbo bora wa albamu, na hakuna chumba kingine duniani chenye pigo linalofanana nalo. Halafu piga picha ya kila kitufe cha ampli, chomoa fimbo za ardhi kwenye udongo, na umrudishie mwenye shamba gunia lake la punje likiwa limeshonwa, maana limesimama wiki mbili mbele ya ngoma ya mguu na mshono wake utakuwa umelegea.